Gari la kununua Tabora: petroli, umeme, haibridi au haidrojeni?

Nianze na jibu, maana wengine mnasoma huku bei za mnada wa Japani zimefunguliwa kwenye simu. Kama nyumbani kutakuwa na gari moja tu, nunua la petroli. Kama ni gari la pili, au halitoki Manispaa, chukua la umeme. Haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, ni ya tatu. Haidrojeni, yaani gari linalojitengenezea umeme kwa gesi hiyo, nimeiweka kwa sababu wapo wanaoiulizia.

1. Petroli

IST, Probox, Premio: hapa hakuna mengi ya kueleza. Sheli zipo hadi Sikonge na Kaliua, kipuri kikikosekana mjini kinapandishwa basi Dar, na fundi wa chini ya mwembe analijua gari kwa mlio wake. Ubaya ni mafuta. EWURA, wadhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo kila mwezi, mji kwa mji, na sisi wa bara tunalipia pia safari ya lori kutoka bandarini. Tufanye lita ni shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi: IST inayokula lita 7 kwa kilomita 100 inakumalizia 21,000.

Ukiagiza, tazama mwaka wa gari. Likizidi miaka 8, TRA, mamlaka ya mapato, huliongezea ushuru wa uchakavu, na likizidi 10 ushuru huo unapanda tena. Kikokotoo chao kiko mtandaoni. Kipitie kabla hujatuma pesa.

2. Umeme

Gari la umeme utakalokutana nalo zaidi kwenye minada ni Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010. Linatumia kama uniti 17 kwa kilomita 100. Ongeza zinazopotea wakati wa kuchaji, ziwe 19. Kwa uniti ya shilingi 356 ni kama 6,800, yaani theluthi moja ya gharama ya IST. Aliye kwenye tarifu ya chini, ile ya shilingi 100 kwa uniti 75 za kwanza, asipige hesabu kwa bei hiyo, kwa sababu gari litazimaliza zote kabla friji halijapata lake.

Sasa usikimbilie. Mtu anayetoka Ipuli kwenda kazini, anapitia sokoni na kurudi, hafikishi kilomita 20 kwa siku. Tuseme 600 kwa mwezi: anaokoa kama 85,000, au milioni moja hivi kwa mwaka. Leaf likikuzidia IST kwa milioni tano, itakuchukua miaka mitano kuzirudisha. Ni kweli huku hakuna kumwaga oili wala kubadili plagi, lakini bushi na shokamzoba zinakufa kama za gari lingine lolote.

Kuhusu umeme kukatika, watu wanaogopa kupita kiasi. Kilomita 20 ni uniti nne tu. Soketi ya kawaida ya ukutani inazirudisha kwa saa mbili hivi, kwa hiyo hata umeme ukirudi usiku wa manane, asubuhi unatoka. Cha kuogopa ni nyaya za nyumba. Soketi ya gari iwe na laini yake kutoka kwenye mita, breka yake, na ethi inayofanya kazi kweli. Waya wa kuchajia unaokuja na gari la Japani ulitengenezwa kwa volti 100 au 200, na ya TANESCO ni 230. Nunua unaolingana na umeme wetu.

Kisha betri, ambayo ndiyo gari lenyewe. Betri ya Leaf haina mfumo wa maji wa kuipoza, na joto la Tabora la Oktoba mnalijua. Kwenye dashibodi, pembeni ya kipimo cha chaji, kuna vipande 12 vidogo vinavyoonyesha afya ya betri. Kipande cha kwanza kikishatoka, betri imepoteza kama asilimia 15. Muuzaji akikutumia picha ya dashibodi iliyokatwa pembeni, achana naye. Nami nisingegusa la betri ya kilowati-saa 24, yaani uniti 24, la miaka ya mwanzo. Tafuta la 40, lililotoka 2017.

Umbali nao una ujanja wake. Kwa kipimo cha Japani, Leaf la 40 linakwenda kilomita 400 kwa chaji moja; kwa cha Marekani, 243. Amini cha Marekani. Kwa hiyo Urambo unakwenda na kurudi. Nzega unafika vizuri, ila kurudi bila kuchaji ni kamari. Manyoni sahau, na usitegemee chaja ya haraka njiani.

Jambo la mwisho: nyaya za rangi ya machungwa zinabeba volti zaidi ya 300. Fundi asiyezijua asifungue kitu.

3. Haibridi

Toyota Aqua ni gari zuri, mahali pengine. Faida yake kubwa hutoka kwenye foleni: ukishika breki, mota inazalisha umeme na kuurudisha kwenye betri. Kwa wa Mbagala, kule Dar, hilo lina maana. Foleni yetu ni ng'ombe wanaovuka. Kwenye lami ndefu ya Itigi akiba inapungua, na betri ya kubadilisha siku moja bado unayo. Tena liko chini, na njia za Uyui zitalikwangua.

4. Haidrojeni

Toyota Mirai linajazwa kwa dakika tano hivi na moshi wake ni maji. Lakini gesi hiyo hushindiliwa kwa mgandamizo wa baa 700, na kituo cha kuijazia hapa hakipo. Ukiitengeneza kwa umeme, katika kila uniti 100 zinafika kwenye magurudumu kama 30. Gari la betri linafikisha 70 na kitu. Hata California, kampuni ya Shell ilifunga vituo vyake vya haidrojeni vya magari madogo mwaka 2024. Ndiyo maana Mirai la mtumba linauzwa bei ya kutupa. Ukilileta, bajeti yako iwe na lori la kulibeba kutoka bandarini hadi uani kwako, maana likifika litabaki hapo.