Tahadhari: vigumba bandia vinauzwa Lubumbashi kwa bei ya vigumba halisi

Ndugu wawindaji na walenga shabaha wa Lubumbashi, Likasi na Kipushi, ninawatahadharisha juu ya mfanyabiashara mmoja anayeuza vigumba, yaani ncha za chuma zenye makali, vya mishale ya kuwindia kupitia WhatsApp, akidai kwamba vimetoka Marekani, ilhali ni vya kuiga na vingine ni vya hatari. Sitamtaja jina, kwa kuwa shauri lake halijafika mbele ya mamlaka yoyote. Nitaeleza namna anavyofanya kazi na kasoro nilizoziona katika bidhaa zake, ili kila mmoja aweze kumtambua na, zaidi ya hapo, aweze kukagua kigumba chochote kabla ya kutoa fedha zake.

Huwa ninawanolea wenzangu vigumba na visu, na ndiyo njia iliyonifikishia mzigo wake mkononi. Walioniletea hawajuani, lakini maelezo yao yalilingana. Mtu huyo huweka picha nzuri ambazo ni za kiwanda, si za bidhaa alizonazo. Anadai nusu ya bei itangulie kwa M-Pesa au Airtel Money, akisema ni ya kulipia forodha, kisha anakutana na mnunuzi barabarani katikati ya mji. Hana duka, hatoi risiti, na pakiti ikishafunguliwa harudishi hata franka moja.

Pakiti ya vigumba vitatu anaiuza dola 35, na naona bei hiyo imechaguliwa kwa akili. Huko Marekani pakiti ya vitatu vyenye sifa nzuri huuzwa takriban dola 30 hadi 50, na vile vya chuma cha daraja la juu hupita dola 100. Vya kuiga kutoka China hupatikana kwa jumla chini ya dola 3 kimoja. Mtu anayeogopa bidhaa ya dola chache, na asiyeweza kulipa 100, akiona 35 anaamini kwamba amepata punguzo la haki, kumbe amelipia bandia karibu bei yote ya kitu halisi. Kwa hiyo bei peke yake isichukuliwe kuwa ushahidi wa ubora.

Anauza aina mbili. Ya kwanza inaiga G5 Montec, kigumba cha chuma kitupu cha kipande kimoja chenye makali matatu. Ya pili inaiga Rage, ambayo makali yake hulala wakati mshale unaruka na kufunguka unapogonga mnyama. Watengenezaji wa vigumba hivyo hawana kosa lolote katika jambo hili. Bidhaa zao huigwa kwa sababu zinapendwa.

Kile cha kipande kimoja, kikiwa halisi, hunolewa kwa kulaza pande mbili za makali kwa pamoja juu ya kinoo. Cha kuiga nilipokilaza, upande mmoja uligusa jiwe na mwingine ukabaki juu, maana yake pande hazikutengenezwa sawa na hakuna kunoa kutakakovirekebisha. Chuma chenyewe ni laini. Vigumba vyema huwa na ugumu wa kati ya 50 na 60 kwa kipimo cha Rockwell C, kwa hiyo tupa ikipitishwa juu yake hukwaruza kwa shida au huteleza; kwa hivi bandia tupa ilikula chuma kama inavyokula msumari wa kawaida. Makali ya namna hiyo hujikunja yakigonga ubavu, hata kama yalikata nywele za mkono asubuhi ile.

Kile kinachofunguka ni kibaya zaidi. Makali yake hushikiliwa na pete ndogo ya plastiki au mpira hadi wakati wa kugonga. Katika pakiti nilizoona, pete nyingine zililegea kiasi kwamba makali yalifunguka ndani ya podo, na kigumba kikifunguka hewani mshale huacha njia yake. Nyingine zilibana mno, na pini zinazoshika makali zilipinda kwa nguvu ya vidole tu, hivyo makali hayafunguki hata yakigonga mfupa.

Hapa ndipo jambo hili linaponiuma. Mshale hauui kwa kishindo kama risasi; unaua kwa kukata mapafu na mishipa mikubwa ya damu, na mnyama aliyekatwa vizuri huanguka upesi na karibu. Mbawala akipigwa na kigumba kisichofunguka hupata tundu jembamba tu, hukimbilia kwenye miombo, na hufa polepole mahali ambapo hakuna atakayemfikia. Muuzaji anayejua hilo na bado anauza hadhulumu mfuko wa mnunuzi pekee.

Ukaguzi wa uzito ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Vigumba vingi huandikwa greini 100 au 125, yaani takriban gramu 6.5 au 8.1. Nenda kwa mtu mwenye mizani ndogo ya sonara, vipime kimoja kimoja. Katika pakiti nzuri vitatofautiana kwa greini moja au mbili. Katika pakiti za mtu huyu tofauti ilifika greini kumi, na hiyo inatosha kuifanya mishale iliyopigwa na mkono mmoja isikae pamoja kwenye shabaha. Angalia pia hesi: kipimo kinachotumika karibu kila mahali ni 8-32, na kigumba kinapaswa kuingia hadi bega lake likae juu ya mshale bila kuacha mwanya. Kisha uzungushe mshale upesi ukiutazama kwenye ncha. Ncha ikichora duara badala ya kutulia, kiache.

Kuhusu gharama, hukumu yangu ni kwamba kigumba ghali si lazima kiwe bora kwako. Mwenye upinde wa kuvuta ratili 45, yaani kama kilo 20, asinunue kinachofunguka kwa bei yoyote, kwa kuwa kufunguka kwenyewe hula nguvu ambayo upinde wake hauna ya ziada. Anahitaji kigumba chembamba cha makali mawili yasiyosogea. Kinachofunguka, ambacho baadhi yake hupanuka hadi sentimita 5, kinamfaa mwenye upinde wa kapi wenye nguvu. Tena bei igawanywe kwa muda wa matumizi. Kigumba kizito cha dola 15 kinachonoleka miaka mingi ni nafuu kuliko chenye nyembe nyembamba za kubadilisha, hasa katika mji huu ambamo nyembe hizo si za kununua dukani. Palipo na haki ya kubana matumizi ni kwenye mazoezi: nunua ncha zisizo na makali za bei ndogo zenye uzito uleule, uzitumie kulengea mwaka mzima.

Wanaosafiri kuwinda Namibia au Afrika Kusini wakumbuke desturi ya huko: mnyama aliyejeruhiwa na kupotea hulipiwa sawa na aliyepatikana. Akiba ya dola 20 kwenye kigumba haina maana mbele ya deni kama hilo.

Mtu huyu huwaambia pia wanunuzi kwamba anayewinda kwa upinde hahitaji kibali nchini Kongo. Ni uongo. Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inadai kibali cha kuwinda, na ukikamatwa porini bila hicho yeye hatakuwepo kukutetea.

Aliyekwisha kununua asivitumie, hata kwa mazoezi, kwa kuwa kipande kinaweza kumeguka na kumrukia aliye karibu. Ahifadhi ujumbe wote wa WhatsApp, ujumbe wa malipo ya simu wenye tarehe na kiasi, pamoja na pakiti yenyewe, kisha afungue mashtaka polisi katika komuni yake; malalamiko ya watu kadhaa yakiwa pamoja yatasikilizwa kuliko ya mmoja mmoja, na mimi niko tayari kueleza mbele ya afisa yeyote nilichokiona kwenye kinoo. Msimtambue kwa nambari ya simu, kwani huibadilisha mara kwa mara. Mtambueni kwa nusu ya bei anayotaka itangulie, kwa kukataa kupiga picha ya kigumba kikiwa juu ya mizani, na kwa haraka yake ya kuondoka kabla hamjafungua pakiti.