Reply 1988: niliwalilia wazazi kuliko wapenzi

Wanaoniuliza waanze na tamthilia ipi ya Kikorea hutarajia niwatajie ya kijana tajiri, binti fukara na mama mkwe mkali. Mimi huwaambia waanze na Reply 1988. Ina sehemu 20, nyingi zinapita saa moja na nusu, na mwanzoni hakuna tukio kubwa la kukushika. Kituo cha tvN kiliionyesha kati ya Novemba 2015 na Januari 2016. Mimi niliikuta Netflix baadaye sana. Nitataja mambo mpaka ya sehemu za mwisho, kwa hiyo asiyependa kujua mapema aishie hapa.

Tuko Seoul, mtaa wa Ssangmun-dong, mwaka wa Olimpiki. Familia tano zinaishi uchochoro mmoja. Deok-sun, ambaye ameigizwa na Hyeri, ni mtoto wa kati. Baba yake anafanya kazi benki lakini alimdhamini rafiki kwenye mkopo, rafiki akashindwa kulipa, na sasa familia imebanana kwenye vyumba vilivyo nusu chini ya ardhi, katika nyumba ya jirani waliotajirika kwa bahati nasibu. Jioni mama mmoja anamtuma mwanawe apeleke bakuli la mboga kwa jirani, na jirani naye halirudishi tupu. Basi watoto wanapishana uchochoroni na vyombo mikononi hadi kila meza ina chakula cha nyumba zote. Aliyelelewa uswahilini hahitaji kuelezwa kitu hapo.

Machozi yangu ya kwanza yalikuwa ya keki. Kila mwaka siku yake ya kuzaliwa Deok-sun anasherehekewa kwa keki ileile ya dada yake Bo-ra, na safari hii anapasuka: mayai wanapewa dada na mdogo wake, mapaja ya kuku wanapewa wao, yeye je? Baba anamngoja uchochoroni na keki yake peke yake, anamwambia kwamba hata yeye hakuzaliwa akiwa baba, ni mara yake ya kwanza, amvumilie. Sijawahi kusikia mzazi akimwomba mtoto radhi namna ile, si kwenye runinga wala nyumbani. Katika sehemu hiyohiyo Deok-sun amefanya mazoezi ya kubeba bango la Madagascar kwenye ufunguzi wa Olimpiki, nchi hiyo inajitoa (na kweli ilisusia michezo ile), halafu mwishoni anaingia uwanjani na bango la Uganda. Nilishangilia kwa sauti, Uganda ni jirani!

Sehemu ya 2 ndiyo iliyonimaliza. Bibi mzaa baba amefariki. Watoto wanafika kijijini wakiwa tayari kulia, wanawakuta baba na shangazi zao wanapokea wageni, wanakunywa, wanacheka, wanacheza karata. Deok-sun anaumia, anashindwa kuwaelewa. Usiku anaingia kaka mkubwa kutoka Marekani, na palepale wale watu wazima wanakumbatiana na kulia kama watoto waliopotezana sokoni. Kumbe walikuwa wamejikaza siku nzima kwa sababu msiba una kazi zake. Nilisimamisha nikalia. Nilimwona baba yangu kwenye msiba wa mama yake, akihesabu viti, akiagiza mkaa, akitania wazee waliokuwa wakicheza bao chini ya turubai. Sikumwona akilia hata mara moja. Kesho yake nilimpigia simu. Tuliongea habari za mvua na bei ya mbolea, la msiba sikumuuliza.

Akina mama wa uchochoro ule nao hawakuniacha salama. Mama Sun-woo ni mjane. Anaposikia mama yake anakuja kumtembelea, anakimbilia kwa majirani kuazima vitu ili nyumba isionekane na upungufu. Bibi anaona yote, hasemi, anaondoka akiwa ameacha bahasha ya pesa. Binti anapiga simu, anatamka neno la mama tu, sauti inakatika. Mwigizaji ni Kim Sun-young, na kwangu hakuna aliyemzidi humu ndani.

Mapenzi yapo, na yamegawa mashabiki hadi leo: Deok-sun aolewe na Jung-hwan, mtoto wa wale wenye nyumba, au na Taek, yule kijana mkimya bingwa wa baduk (mchezo wa vijiwe kwenye ubao)? Nilikuwa upande wa Jung-hwan. Katika sehemu ya 18 anaendesha gari kumkimbilia, taa nyekundu zinamchelewesha, na akifika anamkuta Taek amemtangulia, tena Taek ameiacha mechi yake ili awahi. Baadaye Jung-hwan anatoa yote ya moyoni mbele ya marafiki, kisha anayageuza mzaha. Niliumia siku kadhaa, ila waandishi walimtendea haki Deok-sun, kwa maana aliyemtaka alithubutu.

Lawama yangu moja ni ile michezo ya kutufanya tubahatishe mume ni nani, inavutwa mno na inamnyima Jung-hwan nafasi anayostahili kwenye sehemu mbili za mwisho. Pia mlio wa mbuzi kila kichekesho kinapododa ulinichosha mapema.

Lakini harusi ya Bo-ra inafuta hayo yote. Huyu binti mkali, asiyejua kumwambia baba yake neno laini, amemnunulia viatu vipya. Ni vikubwa, na baba anavijaza karatasi ndani ili avivae. Zinafuata barua wanazoandikiana, na hapo sikuona tena maandishi ya chini ya skrini kwa machozi.

Naipa nyota tano bila kusita. Anayeanza asiiache kwa sababu sehemu ya kwanza imemwendea polepole. Afike kwanza kwenye msiba wa sehemu ya 2, ndipo aamue.