Rangi ya kahawia ya udongo ukutani: uzoefu wangu baada ya mwaka mmoja

Ninaipa alama nne kati ya tano. Ni rangi ya maji, kahawia yenye joto, iko kati ya mdalasini na udongo wa mfinyanzi uliokauka, na mng'ao wake ni mdogo sana. Nimeipaka kuta zote nne za sebule ya mita 4.5 kwa 4, yenye kimo cha mita 2.7.

Nianze na uimara wa rangi, maana hapo imenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Kahawia nyingi za aina hii hupata rangi kutoka kwa oksidi za chuma, madini yaleyale yanayoupa udongo wekundu na unjano wake. Oksidi hizo hazipaushwi kirahisi na jua wala haziharibiwi na ukali wa saruji na chokaa vilivyomo kwenye plasta. Baada ya mwaka, ukuta unaopigwa na jua karibu na dirisha bado unafanana na ule uliojificha nyuma ya kabati. Tena inafunika vizuri: mikono miwili, yaani kuipaka mara mbili, juu ya praima (rangi ya msingi inayotangulia) ilitosha, wakati nyekundu kali au njano kali mara nyingi hudai mitatu au minne.

Ila kahawia si rangi moja. Kila kahawia imebeba rangi nyingine ndani yake, iwe nyekundu, njano, kijani au zambarau, na hiyo ndiyo itakayojitokeza ukuta mzima ukishapakwa. Ukitazama kijikadi kimoja dukani hutaiona. Weka kahawia tatu au nne kando kando juu ya karatasi nyeupe, na ile yenye zambarau itajitenga yenyewe. Kisha paka mikono miwili kwenye kipande cha ubao mwembamba cha sentimita 60 kwa 60, ukihamishe ukuta hadi ukuta, asubuhi, mchana na usiku. Usijaribie moja kwa moja kwenye ukuta wa zamani, kwa sababu rangi iliyo jirani hudanganya jicho. Wala usihukumu ikiwa mbichi: rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana nyepesi kama ina maziwa, ikikauka inakolea. Subiri kesho yake.

Taa ndizo zilizokaribia kuniharibia kazi. Chini ya balbu nyeupe ya kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba kubwa ni mwanga wa ubaridi), kahawia hii hufa kabisa na kuonekana kama tope la juzi. Kwa balbu za kelvini 2700 joto lake lilirudi usiku uleule. Jambo la pili ni kwamba kahawia iliyokolea hurudisha sehemu ndogo tu ya mwanga unaoipiga, kwa hiyo taa moja ya darini haitoshi. Ongeza taa mbili tatu za pembeni, zinazomulika ukuta wenyewe.

Vipimo vya kununulia: kuta zangu zina mita za mraba 46 hivi. Ukitoa mlango mmoja na madirisha mawili zinabaki kama 40, na kwa mikono miwili ni 80. Kopo linaahidi mita za mraba 12 kwa lita, mimi nilipata kati ya 9 na 10. Lita 10 zilitosha na ikabaki lita moja na nusu. Ukuta wa plasta ya mchanga usiolainishwa hunywa zaidi, hivyo piga hesabu ya mita 7 kwa lita. Ukinunua makopo kadhaa, yamimine yote kwenye ndoo moja na kukoroga kabla ya kuanza, kwa kuwa tofauti ndogo kati ya kopo na kopo huonekana katikati ya ukuta.

Maandalizi ndiyo kazi yenyewe. Rangi ya krimu husamehe kasoro za ukuta, kahawia haisamehi. Zima taa, shika tochi sambamba na ukuta, na kila shimo na mkwaruzo utatupa kivuli. Ziba kwa puti, piga msasa namba 120 halafu 180, futa vumbi, kisha paka praima ukuta mzima na si kwenye viraka peke yake. Puti hunyonya maji haraka kuliko plasta, kwa hiyo bila praima kila kiraka kitaonekana kama doa lililofifia. Praima yenyewe niliiwekea kahawia kidogo ili nyeupe isichungulie. Plasta mpya iache angalau wiki nne. Ukiiwahi, chumvi yake hutoka na unyevu, na juu ya kahawia inaonekana kama unga uliomwagika.

Kosa ninaloliona zaidi kwenye kuta za watu ni michirizi ya rola. Sababu yake ni kupita na rola juu ya ukingo ulioanza kukauka. Usizungushe brashi pembeni mwa chumba kizima ndipo ushike rola. Chukua ukuta mmoja, piga brashi kwenye kona na juu kwa kipande cha mita moja, fuata na rola palepale, kisha endelea hadi kona ya pili bila kupumzika. Rola yenye manyoya ya urefu wa milimita 10 hadi 12 inafaa. Mkono wa kwanza ongeza maji hadi asilimia 10, ikiwa maelezo ya kopo yanaruhusu, na wa pili usiongeze. Zima feni wakati wa kupaka, iwashe ukimaliza. Tepu ya karatasi ivue mkono wa mwisho ukiwa bado mbichi, la sivyo itaondoka na ngozi ya rangi.

Sasa alama iliyopotea. Rangi hii isiyong'aa haivumilii kuguswa. Ukucha ukipita unaacha mstari mweupe, na ukisugua doa kwa nguvu panabaki pameng'aa. Futa kwa kitambaa laini chenye maji tu, na usifute kabisa mwezi wa kwanza. Kwenye korido au jikoni ningechagua kahawia hiyohiyo yenye mng'ao zaidi.

Dari nimeipaka krimu, kwa sababu nyeupe kali ilikata chumba vipande viwili. Samani za mbao ziwe na rangi nyepesi au nyeusi zaidi ya ukuta kwa hatua mbili hivi, zikilingana zinamezwa. Chumba chenye dirisha moja dogo kipakwe ukuta mmoja tu, ule unaotazama dirisha.

Rangi iliyobaki hamishia kwenye chupa ndogo iliyojaa hadi shingoni, hewa isije ikaigandisha juu, na uandike namba ya mchanganyiko kwenye kifuniko.