Uzoefu wangu: heda kwenye Forester SG5 ya taibo, gari kuchemsha na presha ya oili kushuka

Heda, yaani mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye silinda za injini, nilizofunga ni za chuma cha pua, zile ambazo mabomba yake yana urefu sawa, zimetengenezwa China, na zilikuja na lile bomba linalopanda kwenda kwenye taibo (turbo, feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi kwenye injini). Gari ni Forester SG5 yenye injini ya EJ205. Nimeziendesha vya kutosha sasa kuzisemea. Uchomeleaji ni safi, matundu ya bolti yalikaa bila kulazimishwa, na taibo inaitika mapema kuliko ilivyokuwa na mabomba ya kiwandani. Lakini zinauzwa bila hata bati moja la kukinga joto, na kwa injini ya Subaru hilo ni kosa kubwa la muuzaji. Mara tu baada ya kufungwa, gari lilianza kuchemsha na geji ya presha ya oili ikaanguka, nikaambiwa injini imekwisha. Haikuwa imekwisha. Inaniuma kuona wadau wa Subaru wanashusha injini nzima kwa dalili kama hizi kabla mtu hajapima chochote, ndiyo maana naeleza kwa kirefu.

Kwanza muelewe mabomba haya yanapita wapi. Injini ya Subaru imelala, silinda mbili kila upande, na moshi unatokea chini ya silinda hedi (kichwa cha silinda). Kwa hiyo heda zinapita tumboni mwa injini. Bomba la upande wa kushoto linavuka chini ya sampu ya oili (bakuli la oili chini ya injini) kwenda kulia, ndipo yote yanapanda nyuma kwenye taibo. Oili filta nayo inaning'inia humo humo, katikati ya mabomba. Aliyewahi kubadilisha filta ya Subaru injini ikiwa bado ya moto, mkono wake unakumbuka. Kiwandani waliyafunika mabomba yale kwa mabati, na mabati yale yakitoka na heda za zamani, joto lote linaelekea kwenye sampu, filta na kila waya uliopo jirani.

Dalili zangu zilianzia kwenye foleni ya Kimara, Dar es Salaam. Mshale wa joto wa kwenye dashibodi ulikaa palepale katikati, kama unavyokaa siku zote, maana mshale ule umetengenezwa utulie hata joto likipanda na kushuka kiasi. Ila nina geji ya pembeni ya joto la maji, na hiyo ilikuwa inaruka: nyuzijoto 92, ghafla 108, inarudi 95, inapanda tena. Nikawasha hita ili nipunguze joto la injini, ikatoa hewa ya baridi. Hapo hapo geji ya presha ya oili, gari likiwa sailensa (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta), ikasoma bar 0.4 na mara nyingine ikagusa sifuri. Taa nyekundu ya oili haikuwaka hata mara moja.

Fundi aliyenifungia alisikiliza, akaangalia geji, akasema: "Kaka, hapa gasketi ya silinda hedi imeungua, na presha ikishuka hivi ujue beringi za krenki zimeliwa. Tushushe injini tu." Simlaumu kwa kutaja gasketi, injini za EJ zina historia ya kuunguza gasketi na kila gereji inaijua. Ila injini iliyoingia gereji ikiwa nzima haiunguzi gasketi na kula beringi kwa siku moja ya kubadilishiwa bomba la moshi. Nikamwambia, "Fundi, kabla ya kufungua kitu, tupime."

Tukatafuta geji ya presha ya kimekanika, ile yenye mpira unaoleta oili yenyewe hadi kwenye saa, haina umeme wowote. Swichi ya presha ya kiwandani kwenye EJ iko juu mbele, chini ya alteneta, na hapo ndipo pa kufunga. Angalizo muhimu: tundu lile lina nyuzi za skrubu za BSPT (kipimo cha Kiingereza) za moja ya nane, nyuzi 28 kwa inchi, wakati geji nyingi zinazouzwa mitaani zinakuja na NPT (kipimo cha Kimarekani) ya moja ya nane yenye nyuzi 27. Inaingia mizunguko michache vizuri kabisa, halafu inaanza kukaza. Usiilazimishe, utaharibu nyuzi za bloku. Adapta ya kazi hiyo ipo na bei yake ni ndogo.

Tuliacha injini ipate moto hadi feni zikawaka na kuzima, ndipo tukasoma. Sailensa: bar 0.9. Mizunguko 3,000: bar 3 na kidogo. Kitabu cha Subaru kinataka kilopaskali 98, yaani karibu bar 1, kwenye mizunguko 600, na kilopaskali 294 kwenye mizunguko 5,000, oili ikiwa nyuzijoto 80. Oili yangu ilikuwa na moto zaidi ya hapo. Injini yenye beringi zilizoliwa haitoi namba hizo. Na wakati saa ya kimekanika inasoma 0.9, geji yangu ya umeme pale ndani ilikuwa inasema 0.2.

Sensa ya geji ya umeme imefungwa kwenye bamba linalokaa kati ya bloku na oili filta. Tuliinua gari, nikaufuata waya wake kwa kidole kutoka kwenye sensa. Mahali unapopita karibu na heda plastiki ilikuwa imeyeyuka ikashikana na bomba, nyeusi, inang'aa, na shaba inaonekana ndani. Sensa ya aina niliyonayo inatuma ukinzani mdogo presha ikiwa sifuri, na ukinzani unaongezeka kadiri presha inavyopanda. Waya ukigusa chuma cha gari, geji inaamini presha imeisha. Tukabadilisha waya, tukaupitisha juu mbali na mabomba na kuuvisha soksi ya kuzuia joto, na geji mbili zikasoma karibu sawa.

Hata hivyo 0.9 ile ilikuwa chini ya niliyoizoea, kwa sababu oili yenyewe ilikuwa inapikwa. Nilikuwa natumia 5W-30, na ikipata moto kupita kiasi inakuwa nyepesi mno. Kuhusu taa nyekundu, msiitegemee: swichi yake inawasha taa presha ikishuka hadi karibu bar 0.15, na ikifika hapo taibo imeshaanza kukosa oili.

Joto la maji lilikuwa na chanzo kingine kabisa. Kufunga heda peke yake hakukulazimishi kufungua maji. Lakini kubadilisha lile bomba la kupanda kunalazimu taibo ilegezwe, na taibo ya EJ205 inapozwa kwa oili na kwa maji pia. Mipira yake ikifunguliwa, kulanti (maji ya kupozea injini) inamwagika na hewa inaingia. Gereji walijazia maji kwenye mfuniko wa rejeta, wakafunga. Kwenye Subaru za taibo pale siyo mahali pa kujazia. Kuna tanki dogo la chuma juu ya injini, upande wa taibo, lenye mfuniko wake wa presha, nalo ndilo liko juu kuliko rejeta. Ukijazia kwenye rejeta, hewa inabaki juu huko. Ndiyo ile geji inayoruka, kwa sababu sensa mara iko kwenye maji, mara kwenye hewa, na ndiyo hita ya baridi.

Kabla ya kutoa hewa nilisisitiza tupime gasketi kwa ile kemikali ya bluu inayogeuka njano ikikutana na moshi wa injini ndani ya maji. Ilibaki bluu. Basi tukaegesha gari likiwa limeinuliwa mbele, tukafungua skrubu ya kutolea hewa kwenye kona ya juu ya rejeta, hita tukaiweka kwenye moto wa mwisho, tukamimina kulanti taratibu kwenye tanki la juu huku tukiminya mipira ya rejeta kwa mkono. Kila ukiminya unasikia mbubujiko unapanda. Injini ikawashwa, tukasubiri feni, ikazimwa ikapoa kabisa, tukaongeza tena. Usifungue mfuniko wowote injini ikiwa ya moto, presha iliyomo itakumwagia maji yanayochemka usoni.

Baada ya hapo ndipo tukaja kwenye kasoro ya bidhaa yenyewe. Wengi wanazungushia heda ule mkanda wa nyuzinyuzi wa kuzuia joto. Mimi niliuweka kwenye bomba la kupanda tu. Chini ya filta nilikataa, kwa sababu filta ya Subaru lazima idondoshe oili ukiifungua, mkanda ukinywa oili ile na heda ikapata moto, una moto halisi chini ya gari. Isitoshe unashika unyevu, na kwa hewa ya pwani chuma kinaoza na kupasuka upesi. Eneo la sampu na filta nilikatiwa mabati ya chuma cha pua, yakafungwa kwa vibanio na kuachwa nafasi ya kidole kati ya bati na bomba. Oili nikahamia 5W-40.

Sasa gari likiwa na moto wa kutosha nasoma bar 1.2 sailensa, na maji hayavuki 96 foleni iwe ndefu vipi. Nimepanda nalo mlima wa Kitonga, Iringa, mchana, nimetoka kwenye joto la Ruaha Mbuyuni, nyuma ya malori, gia ya pili, na geji ya maji ilitulia hadi juu.

Je, ningezinunua tena? Ndiyo, kwa sharti kwamba gharama ya mabati ihesabiwe kwenye bei. Bado hazifiki nusu ya bei ya zile za Kijapani. Gasketi zilizomo kwenye boksi zitupeni, nunueni za kiwandani za chuma, kwa sababu zile za boksi zilianza kuvujisha moshi na kugonga tik-tik asubuhi injini ikiwa baridi. Nati zikazwe tena baada ya safari chache za mwanzo. Na kama unaipenda Subaru kwa ule mngurumo wake wa kukatika-katika, heda hizi hazikufai: mngurumo ule unatokana na mabomba kuwa na urefu tofauti, na hapa umetoweka.

Wenye SG5 isiyo na taibo, kwenu hakuna mpira wa maji wa kufungua. Gari likichemsha baada ya heda, anzieni kwenye nyaya na soketi za feni za rejeta, kisha kiwango cha kulanti. Suala la mabati chini ya sampu linawahusu vilevile.