Tovuti mpya ya chuo chetu Tabora: uzoefu wangu kama mwanafunzi asiyeona

Naipa nyota nne kati ya tano. Tovuti ya chuo ninachosoma hapa Tabora, pamoja na mfumo wake wa usajili, ilifumuliwa na kusukwa upya kabla ya mwaka huu wa masomo. Muhula huu, kwa mara ya kwanza tangu nijiunge, nimejisajili mwenyewe nikiwa chumbani kwangu Isevya, na mlango nimeufunga. Wasioona wenzangu wataelewa kwa nini nautaja mlango.

Mimi sioni kabisa. Nukta nundu nilijifunza Shule ya Msingi Furaha, hapa hapa mjini, na kompyuta nikaja kuijulia ukubwani. Natumia laptopu ya mtumba yenye NVDA, programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye haoni, akaungana na James Teh, naye haoni. Kwenye simu nina TalkBack, ambayo simu nyingi za Android huja nayo tayari. Vifaa ninavyo, na kuvitumia nakujua. Nilichokuwa nakwama nacho miaka yote ni tovuti yenyewe.

Fomu ya zamani ilikuwa hivi: naingia kisanduku cha kwanza, NVDA inasema "sehemu ya kuandika, tupu". Nashuka cha pili: "sehemu ya kuandika, tupu". Cha tatu vilevile. Hapo wanataka jina, namba ya mtihani ya kidato cha nne au namba ya simu? Anayeona anasoma maneno yaliyo kando ya kisanduku, lakini aliyeitengeneza hakuyaunganisha na kisanduku chake ndani ya msimbo, yaani maagizo ya kompyuta yanayounda ukurasa, hivyo programu haina cha kunisomea. Na hata ungebahatisha mpaka chini, unakutana na picha ya herufi zilizopindapinda za kuthibitisha kwamba wewe si roboti, isiyo na njia ya kusikiliza. Mwisho wa safari.

Basi nilikuwa naenda steshenari. "Dada, nitajie neno la siri." Unalitaja kwa sauti, na watu wamepanga foleni nyuma yako. Kijana anafungua, anaona deni la ada, anaona matokeo, anaona namba ya mzazi. Wakati mwingine anayasoma kwa sauti kubwa, kwa nia njema kabisa, ili nisikie, na wote waliopo wanasikia. Muhula mmoja alinichagulia somo la hiari ambalo sikulitaka, na kulibadilisha kulinigharimu barua na kuzungushwa ofisi hadi ofisi. Yeye alikuwa na wateja wengine wanamsubiri. Lakini masomo ni yangu, na siri zile ni zangu.

Sasa nikiingia kisanduku cha kwanza nasikia: "Jina la ukoo, lazima kujazwa, sehemu ya kuandika." Nilisimama hapo nikakirudia tena na tena, nilivyofurahi. Ukikosea, zamani kisanduku kilikuwa kinageuka chekundu tu, na rangi hainiambii kitu. Sasa kishale kinarudi kwenye kisanduku chenye kosa na sauti inaeleza kwamba namba ya simu imepungua tarakimu. Zile herufi zilizopinda wameziondoa. Muda ukikaribia kuisha, mfumo unauliza kama nahitaji kuongezewa, badala ya kunitoa nje na kufuta nilichojaza. Kusikiliza ukurasa kunachukua muda kuliko kuutupia jicho, kwa hiyo jambo hili kwangu ni kubwa. Na namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo zamani ilitokea kama picha, sasa ni maandishi: naisikiliza tarakimu moja moja, nalipa kwa simu, kazi imekwisha.

Kurasa za kawaida nazo zimenyooka. Nikibonyeza herufi H, NVDA inaruka kutoka kichwa cha habari kimoja hadi kingine, maana sasa ni vichwa vya habari vya kweli na si maandishi yaliyokozwa tu. Juu kabisa kuna kiungo cha kuruka menyu na kwenda moja kwa moja kwenye maudhui. Kuna rekebisho jingine dogo ambalo huenda wengi hawajaligundua: kurasa za Kiswahili zilikuwa zimetambulishwa ndani ya msimbo kuwa ni za Kiingereza, hivyo sauti ilikuwa inasoma "matokeo ya mitihani" kwa matamshi ya Kizungu mpaka inabidi ukisie. Ni neno moja tu mwanzoni mwa ukurasa lililobadilishwa, na Kiswahili kimerudi kuwa Kiswahili.

Ratiba ya vipindi ndiyo iliyonigusa zaidi baada ya usajili. Walikuwa wanachapa, wanagonga mhuri, wanaskani karatasi, wanaipandisha kama PDF. Kwa NVDA hiyo ni picha tu, haisomi hata herufi moja. Sasa ni jedwali la kweli lenye vichwa vya safu. Nikitembea ndani yake nasikia siku, saa, somo na ukumbi, kwa mpangilio, na sihitaji tena kumpigia mtu usiku kumuuliza kesho tunaanzia wapi.

Si wasioona tu walionufaika. Rafiki yangu mwenye ualbino, aliyekulia Kabanga kule Kasulu, ana uoni hafifu, na tovuti ya zamani ilikuwa na maandishi ya kijivu juu ya weupe. Miongozo ya kimataifa ya WCAG, inayoeleza namna ya kutengeneza tovuti zinazotumika na watu wenye ulemavu, ambayo toleo lake la 2.2 lilitolewa Oktoba 2023, inataka tofauti ya mng'ao kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma iwe angalau 4.5 kwa 1, na ukurasa uweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kupoteza kitu. Sasa anakuza kwenye simu yake na maneno yanajipanga upya badala ya kukatika pembeni. Kwa viziwi, video ya kuwakaribisha wanafunzi wapya imewekewa manukuu. Mkalimani wa Lugha ya Alama bado hayumo, na mwenzetu mmoja kiziwi amelalamika, kwa haki.

Kwa vyuo vingine vinavyotaka kufuata, nawasihi msianze na kile kitufe cha pembeni mwa ukurasa kinachodaiwa kuifanya tovuti itumike na wenye ulemavu, kinachouzwa kama dawa ya kila kitu. Hapa walikiweka mwanzoni. Kilikuwa kinakuza maandishi, jambo ambalo kivinjari chochote kinalifanya, kisha kikaanzisha sauti yake iliyogongana na ya NVDA, na visanduku vya fomu vikabaki bubu vilevile. Walikitoa. Kilichosaidia ni fundi wa TEHAMA kutuita baadhi yetu, kukaa kando yangu na kusikiliza ninachosikia. Akachomoa kipanya akajaribu kujisajili kwa kibodi peke yake, kwa Tab na Enter tu. Alikwama kwenye menyu ya kuchagua kozi, palepale nilipokuwa nakwama mimi, na siku hiyo hiyo akaanza kuishughulikia. Jaribio hilo halihitaji bajeti.

Wala si hisani tunayoomba. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao ibara yake ya 9 inataja wazi upatikanaji wa habari na mawasiliano, intaneti ikiwemo. Mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu.

Nyota moja nimeibakiza kwa sababu ya matangazo. Orodha ya mikopo na tarehe za mitihani ya marudio bado zinapandishwa kama picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu, bila maelezo yoyote, na hayo ndiyo matangazo ambayo mwanafunzi hawezi kuyakosa. Faili la Word lipo, maana karatasi ile ilichapwa kutoka mahali fulani. Wabandike maandishi yenyewe. Nimewaandikia wanaohusika, wamejibu kwamba watazielekeza idara zote. Wakifanya hivyo nitarudi hapa niongeze nyota ya tano.