Latanoprost ya mililita 2.5 katika joto la Kisumu: dawa nzuri, kichupa kisumbufu

Kwa mgonjwa wa glakoma, ile wengi wanaita presha ya macho, latanoprost ina fadhila inayozishinda nyingine zote: tone moja kwa jicho, mara moja kwa siku, jioni. Timolol ni nafuu na hupatikana kwa urahisi, ila kwa kawaida hutiwa mara mbili kwa siku, na mwenye pumu haimfai kabisa kwa sababu inaweza kumbana kifua. Kama dawa, latanoprost tunaipa alama za juu. Kichupa chake na namna kinavyouzwa ndivyo vinavyotutia wasiwasi.

Tuanze dukani. Visanduku vingi vya latanoprost vimeandikwa kwamba dawa ihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 8 kabla ya kufunguliwa, mbali na mwanga. Zipo chapa zilizotengenezwa kuvumilia joto la kawaida, kwa hivyo soma kisanduku ulichoshika wewe, usifuate cha jirani. Famasia nzuri hukitoa kichupa kwenye friji ukiona, na friji yenyewe ina kipimajoto. Kile cha kuwekwa baridi kikichukuliwa kwenye rafu, kando ya dawa za kikohozi, kikatae hata kama umepunguziwa bei. Uliza pia stima ikipotea wanafanyaje. Ni haki yako kuuliza, na muuzaji anayejua kazi yake hatakasirika.

Safari ya kwenda nyumbani isikutie hofu. Boda kutoka Oginga Odinga Street hadi Kondele au Mamboleo haiharibu dawa. Maelezo ya chapa ya awali ya dawa hii yanakubali joto la hadi nyuzi 40 kwa muda usiozidi siku 8 wakati wa kusafirishwa. Kinachoimaliza nguvu ni kukaa kwenye joto wiki baada ya wiki. Kikishafunguliwa, kichupa kinaweza kukaa nje ya friji mradi joto lisipite nyuzi 25, na nyumba ya mabati Kisumu saa nane mchana huwa imepita hapo mbali. Mwenye friji akiweke rafu ya katikati ndani ya kikombe chenye kifuniko, wala si kwenye friza. Asiye na friji atumie vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa chenye maji, vyote kivulini penye upepo. Kichupa kiwe ndani ya mfuko mkavu. Ubaridi una faida nyingine ambayo wazee huipenda: tone likigusa jicho unalisikia, hubahatishi kama limeingia.

Sasa kichupa chenyewe. Baadhi ya chapa huja na ncha iliyozibwa, na ndani ya kifuniko kuna mwiba mdogo wa plastiki. Kaza kifuniko hadi mwisho, mwiba utoboe ncha, kisha kifungue. Watu wengi hawaoni ule mwiba, wakachukua sindano, pini au wembe. Tundu likawa pana, matone yakawa makubwa, na dawa ikaisha kabla ya mwezi. Hesabu ni rahisi: mililita 2.5 hutoa takriban matone 80. Macho yote mawili kwa siku 28 ni matone 56, kwa hivyo yanabaki ya kufidia yaliyoangukia shavuni. Kichupa kikiisha wiki ya pili, kagua tundu na mkono unaominya. Siku ya kufungua, andika tarehe kwa kalamu kwenye lebo. Baada ya wiki 4, tupa hata kama kimebaki na dawa, isipokuwa karatasi ya ndani imetoa muda mwingine.

Kutia: nawa mikono, inua kichwa, vuta kope ya chini ifanye kifuko, achia tone moja bila ncha kugusa jicho wala kope. Tone la pili ni hasara, kwa sababu jicho haliwezi kubeba hata tone moja zima. Funga jicho taratibu, bonyeza kwa kidole pembe iliyo karibu na pua dakika 1 au 2, kisha pangusa lililomwagika. Kupangusa huku si urembo: dawa inayokaa kwenye ngozi huweza kuifanya kope iwe nyeusi zaidi. Kama kuna dawa nyingine ya matone, subiri dakika 5. Lenzi zivuliwe na zirudi baada ya dakika 15. Ukisahau usiku mmoja, endelea kesho kama kawaida. Kutia mara mbili kwa siku hakuongezi nguvu, huipunguza.

Kasoro tunayoilaumu zaidi ni ugumu wa plastiki. Mama mwenye baridi yabisi vidoleni hushindwa kuiminya, na hapo inafaa mtu wa nyumbani ashike kazi hiyo kila jioni. Wekundu kidogo na kope ndefu ni mambo ya kawaida kwa dawa hii. Maumivu makali au uoni kufifia ghafla ni safari ya siku hiyo hiyo hadi kwa daktari wa macho, iwe hospitali ya Sabatia kule Vihiga au Jaramogi pale Kisumu.

Na usikiweke droo moja na supaglu. Vichupa vinalingana kimo, ncha na kifuniko, na usiku mkono hautofautishi. Gundi ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi, usilazimishe kope kufunguka, na uende hospitali usiku huo huo.