Uzoefu wangu wa upasuaji wa diski ya mgongo

Nilipasuliwa diski (kile kifuko laini kinachokaa kati ya pingili za mgongo) iliyochomoza kati ya pingili ya 4 na ya 5 za kiuno, baada ya kuvumilia kwa miezi mitano maumivu yaliyoanzia kiunoni, yakapita kalioni na kushuka hadi mguu wa kulia. Katika muda huo nilikandwa kwa mafuta ya moto, nikafunga mkanda, na mahali pamoja nikanyooshwa mgongo kwa nguvu hata nikatoka nimeshikiliwa huku na huku. Hilo najuta mpaka leo.

Kilichonipeleka kwa daktari bingwa ni ndala. Ilinivuka njiani bila mimi kujua, hadi mwanangu aliponiita: "Mama, ndala yako imebaki kule." Daktari alikandamiza vidole gumba vya miguu yangu akanitaka niviinue, cha kushoto kilipanda, cha kulia hakikutikisika. Baada ya kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, alinieleza kwa utulivu kwamba ganda la diski likipasuka, ute mzito wa ndani hutoka na kuubana mshipa wa fahamu, kwamba wagonjwa wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa dawa na mazoezi, na kwamba mimi nilihitaji kisu kwa sababu mguu ulikuwa unaisha nguvu. Anayeshindwa kukojoa au kupata ganzi sehemu za siri, alisema, asisubiri hata siku moja.

Kliniki nilikaa na mama aliyemleta kijana wake wa miaka 14, aliyeumia diski kwa kuanguka. Kwa watoto tatizo hili ni nadra, na mara nyingine diski hutoka pamoja na kipande cha ukingo wa pingili ambao bado haujakomaa.

Nilipewa nusu kaputi, nikalazwa kifudifudi, na kikaondolewa kile kipande kilichotoka tu. Nilipozinduka, moto wa mguuni ulikuwa umekwisha, na kesho yake nikatembea hadi msalani.

Lakini upasuaji huu hutibu mguu zaidi kuliko mgongo, jambo ambalo wodini hakuna aliyeniambia. Niliruhusiwa bila kufundishwa namna ya kuinuka kitandani wala kuonywa kwamba diski inaweza kutoka tena. Nililijua hilo kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wiki ya 6. Kidole gumba sasa kinainuka. Kiuno bado huniuma nikikaa sana, na juu ya unyayo ganzi ingalipo.